Mtaro wa Hatua Ishirini

Hospitali ya mlimani
9 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Mama Opareta. Na kama mama yangu yuko hapo barazani kwenu, kama alivyo kila siku huku akidai amepita tu, naye mpe shikamoo yake na umwambie sijapata mchumba tangu barua iliyopita, asisumbuke kuuliza. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio, lakini wauguzi wamenifumia kofia na sasa wananiita mgonjwa namba moja.

Naandika kwa mkono kwa sababu mtandao umekufa, na aliyeajiriwa ili usife ni mimi. Simu nazo huku juu zilikuwa zinapita kwenye mitambo yetu hiyohiyo, kwa hiyo sasa hata kusalimiana ni kwa lori la dawa. Barua hii anakuletea dereva wake. Ukijibu, mpe yeye.

Ni radi tena, Mjomba. Haikutupiga sisi, ilipiga kilima cha jirani, lakini ilitosha. Ruta inayotuletea mtandao imeungua, na swichi ya kuugawa vyumbani, na kompyuta ya chumba cha picha, ile inayotuma picha za mifupa na vifua kwa daktari bingwa mjini. Ni mara ya pili msimu huu. Kinachonishangaza ni kwamba kinga zote mbili nilizofunga, ya kwenye umeme na ya kwenye kebo ya antena, ziko nzima. Nimezipima, hazina hata alama. Mlinzi ameamka salama salimini, nyumba imeibwa.

Na nilifuata lile daftari lako la kazi ulilonipa, neno kwa neno. Mitambo ya mawasiliano nimeipa nondo yake ya shaba ya kumwagia radi ardhini, peke yake, hatua kumi kutoka nondo ya umeme, na waya zao hazigusani popote. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimesikia, mbona guu limevunjika?

Mganga mkuu aliniita ofisini. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema ikiungua mara ya tatu, mitambo itahamishiwa hospitali ya bondeni, nami nitaandikiwa barua nzuri ya kuombea kazi kwingine. Jana tumempakia mzee mwenye nyonga iliyovunjika kwenye lori la mbao, saa tisa za barabara mbovu, kisa picha yake haikuweza kutumwa. Alikuwa akituomba radhi kwa kutusumbua.

Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Kidole

*

Nyumbani
2 Aprili

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako imekaa kwa dereva siku kumi na nane. Anasema lori lilikwama. Mimi nasema ni yeye aliyekwama mahali, lakini hayo tumwachie mkewe.

Huku ni wazima. Mama yako magoti yanamsumbua ila mdomo uko imara. Opareta wangu anakusalimu. Nilimsomea barua yako yote, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia kama kawaida, akacheka sana pale kwenye mgonjwa namba moja. Kisha nilipofika kwa yule mzee wa nyonga akaenda kumwagilia maua yake ambayo nilikuwa nimeshayamwagilia.

Sasa tuje kwenye kazi. Hatua kumi hazitoshi. Huko juu ni mwamba mtupu, ardhi yake ni kavu hata mvua ikinyesha. Sogeza nondo ya mawasiliano iwe hatua ishirini kutoka ile ya umeme. Chimba shimo pana, jaza mkaa na chumvi, mwagia maji. Na usithubutu kuziunganisha hizo nondo. Umeme una uchafu wake, simu ina usafi wake. Kila mmoja na mlango wake wa kutokea. Nilifanya hivyo miaka kumi na mitano na hawakuniita Bwana Ardhi kwa kunitania, ingawa walikuwa wananitania pia.

Najua utasema moyoni, mbona kituo chako cha simu kiliungua? Basi nikuambie kwa mara nyingine, maana ulikuwa mdogo. Siku ile radi ilipopiga, Opareta alikuwa mezani pake anaunganisha simu za watu, kisikilizio kichwani. Ilipita humo. Sikio la kushoto likafa palepale. Tulikuwa hatujaoana bado, nilikuwa nikimsalimia tu kwa mbali kama mwoga. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Mkaguzi kutoka makao makuu akaandika ripoti yake, akanilaumu mimi, na mwezi uliofuata nikawa fundi wa redio za watu mtaani. Mtu ambaye hajawahi kushika sururu akamwandikia Bwana Ardhi habari za ardhi! Radi ni ya Mungu, mpwa wangu. Hilo hakuliandika.

Usikate tamaa. Wewe ni Kidole. Ulikitia kwenye soketi yangu ukiwa na miaka minne, ukalia, kisha ukauliza kwa nini. Wengine wote hulia tu.

Mjomba wako

*

Hospitali ya mlimani
27 Aprili
(Barua hii haikutumwa)

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza mara tatu na hizi salamu, na kila mara nimeishia hapa.

Nilifanya ulivyosema. Hatua ishirini, mkaa, chumvi, na wapishi wa hospitali sasa hawaniamini na chumvi yao. Siku ya tisa radi ikapiga mbali, mbali kabisa, nikaihesabia hadi kumi na mbili kabla ya kuisikia. Ikaunguza ruta ya akiba. Kinga nzima, kama zamani.

Mganga mkuu angenifukuza siku hiyohiyo, bahati yangu alikuwepo mama mmoja fundi wa mashine za picha, amekuja kwa matengenezo yake. Alizunguka jengo mara moja, akarudi akiuliza, "Nani aliyezitaliki hizi nondo?"

Akanichukua ngazini na meza ndogo. Mimi nikashika miguu ya mbele, yeye ya nyuma, juu yake akaweka kikombe cha chai. Akasema, "Panda peke yako." Nikapanda, kikombe kikadondoka. "Ndiyo ruta yako hiyo," akasema. Radi ikipiga, umeme wa ardhi yenyewe unapanda, hapa zaidi na kule kidogo. Nondo moja inapanda, nyingine inabaki chini. Mtambo umesimama katikati, mguu mmoja kwenye waya wa umeme na mguu mmoja kwenye kebo ya antena, na tofauti yote inapita ndani ya mwili wake. Kinga zinafanya kazi yake vizuri kabisa, kila moja inamwaga kwenye nondo yake, na ndiyo maana zinabaki nzima. Kadiri nondo zinavyokaa mbalimbali ndivyo inavyokuwa mbaya zaidi. Zikiunganishwa, vyote vinapanda pamoja na kushuka pamoja, na chai haimwagiki.

Tumechimba mtaro kutoka nondo hadi nondo, tukalaza waya mnene wa shaba. Kinga zote mbili tumezihamishia ukuta mmoja, kwenye kibao kimoja, waya zake fupi. Jana radi imepiga juu ya paa la jiko. Wagonjwa walipiga kelele. Ruta haikupepesa hata jicho.

Nilipaswa kufurahi, Mjomba. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu niliiona meza ya Mama Opareta. Kisikilizio kichwani, mguu huku, mguu kule. Nimekua nikisikia jina la yule mkaguzi likitajwa nyumbani kwenu kama la mchawi. Nitakuambiaje kwamba

*

Hospitali ya mlimani
28 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Opareta na kwa mama. Mwambie mama asugue magoti kwa mafuta ya moto, aache kupanda ngazi zenu mara sita kwa siku. Mimi ni mzima wa afya. Tumepata wauguzi wawili wapya, mmoja anaimba vizuri.

Mtandao umerudi na unakwenda vizuri, radi zinapita tu. Nilifuata ushauri wako, nikaongeza na vitu vidogo vidogo, si vya kuandikia barua. Nimechimba na mtaro wa maji ya mvua pembeni ya jengo, maana palikuwa panatuama. Picha zinatumwa. Mganga mkuu ananisalimu kwa jina tena.

Ahsante sana kwa yote, Mjomba. Sina la zaidi.

Mpwa wako,
Kidole

*

Nyumbani
30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote hatujambo. Mama yako amekataa mafuta ya moto, anasema yananuka kizee.

Mdomo wa dereva wako hauna breki. Alipoleta barua nilimkaribisha chai, akaanza kulalamika jinsi ulivyomtuma dukani akuletee waya wa shaba, mnene kama kidole gumba, mita ishirini na tano, na jinsi ulivyomlemea begani. Nikamuuliza ule wa nini. Akasema ule wa kulaza kwenye mtaro. Njia ya mwongo ni fupi, Kidole, na yako ina hatua ishirini tu. Mtaro wa maji hautiwi shaba.

Sikukasirika. Niliweka kikombe chini nikaenda kukaa chooni, maana ndiko mahali pekee katika nyumba hii ambapo mama yako hapiti.

Umeziunganisha nondo, na mitambo imeacha kuungua. Ulitaka kunificha ili nisiumie. Nami nina langu, na nikilinyamaza tena sasa nitakuwa mtu mbaya kweli.

Si kwamba sikujua. Wengi wetu tulifundishwa kuzitenganisha, na ningekuwa nimekosea kwa kutokujua ningelala usingizi. Lakini yule mkaguzi alikuja mwaka mmoja kabla. Kijana mpole, viatu vipya. Akaniambia hizo nondo ziunganishwe. Nikamwambia hapa kwangu haziunganishwi. Akavua koti, akapiga magoti kwenye matope, akaufunga waya wa kuziunganisha kwa mikono yake mwenyewe mbele ya vijana wangu wa kazi. Nikaona aibu, mpwa wangu. Mimi Bwana Ardhi. Nilisimama mlangoni hadi gari lake likapinda kona, kisha nikaenda nikaufungua. Niliuviringisha vizuri nikauweka kwenye droo, kwa kuwa ulikuwa waya mzuri.

Masika yaliyofuata ndiyo yaliyomchukulia Opareta sikio.

Miaka ishirini na miwili nimejiambia kwamba hata ningeuacha pale, radi ni ya Mungu. Sikuwa na uhakika, na kutokuwa na uhakika kulinisaidia sana. Sasa wewe umechimba mtaro.

Opareta hajui. Anaamini mumewe alionewa. Kila niliposimulia habari ya mkaguzi aliitikia, akanishika mkono. Nikimwambia, nitabaki nani kwake? Na nisipomwambia, nitamsomeaje barua zako? Hii yako nimemsomea nusu, nikaruka mtaro. Yeye akasema, "Mbona leo Kidole kaandika kifupi?"

Mjomba wako

*

Hospitali ya mlimani
22 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu za wengine zisubiri, hizi ni zako peke yako.

Nisamehe kwa mtaro wa maji. Nilikuwa na barua nyingine, imo ndani ya daftari lako, ilinishinda kumalizia. Sikuwa nakuhurumia kama mtu anavyomhurumia mjinga. Nilikuwa naogopa kupoteza mtu wa kumuuliza. Baba alipoondoka ulinishika mkono ukanipeleka kituoni, ukanionyesha waya mia nane na kusema kila mmoja una watu wawili mwishoni. Nilikuwa na miaka sita. Kazi hii niliianza siku hiyo.

Nimekasirika pia, sitakuficha. Nimesoma pale kwenye droo mara nyingi, na kila mara nataka kuingia katika barua nikuzuie mkono. Halafu nakumbuka kwamba tangu Aprili nimezunguka na jibu la yule fundi wa mashine za picha nikiwaambia watu ni mimi niliyegundua. Aibu ni kitu cha ukoo, naona.

Unaniuliza utabaki nani kwake. Sijui, Mjomba. Ninachojua ni kwamba ndoa yenu ina waya uliofunguliwa na wewe ndiye mwenye koleo. Mimi sitamwambia, wala sitamwambia mama, ambaye ni sawa na kuwaambia watu wote. Lakini nikija Desemba nikakaa naye na kumwitikia akimlaani yule mkaguzi, nitakuwa nimeufungua tena kwa mkono wangu. Hilo usiniombe.

Mtandao uko hai, ungeweza kunipigia. Usinipigie. Andika, nitangoja lori.

Nakupenda, na hilo halijabadilika hata kidogo.

Kidole

*

Nyumbani
19 Julai

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, ameanza mafuta ya moto na anasema lilikuwa wazo lake.

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili saa kumi, mama yako amekwenda kwake. Opareta alikuwa anachambua mboga kibarazani. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikaanza. Nilisema yote. Mkaguzi, matope, koti, kona, droo. Nilisema huku natazama sakafu na sauti ilinitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipomaliza, yeye alikuwa bado anachambua mboga. Nikadhani ndiyo hasira yake. Kisha akageuka.

"Wewe," akasema, "tangu tuoane hujawahi kukaa upande huu. Unasema nini huko?"

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Nakuapia sikupanga. Miguu yangu ndiyo iliyochagua.

Akasogeza beseni. "Zunguka. Njoo huku useme."

Mara ya pili, mpwa wangu, haikutoka vizuri. Ilitoka vipande vipande. Pale kwenye droo nilikwama, akangoja. Nilipofika mwisho aliondoka na beseni lake.

Siku mbili hakunisemesha. Chakula aliweka mezani, nguo zangu alikunja, lakini nyumba ilikuwa kimya hata mama yako akaogopa, akarudi kwake bila kuambiwa. Nilijikaza kisabuni. Usiku wa pili nilimwambia kama anataka niondoke nitaondoka. Akajifanya hajasikia, na kwa mara ya kwanza sikujua kama ni sikio au ni yeye.

Siku ya tatu asubuhi akaja na chai, akakaa, akanigeuzia sikio la kulia mwenyewe. Akasema, "Nilipolazwa, yule mkaguzi alikuja hospitali. Alikuja na maua. Wewe ukamzuia mlangoni, ukamtukana mpaka akaondoka, nikakuona kupitia dirisha. Nikajiambia, huyu mwanamume ananilinda. Ndiyo siku niliyoamua nitaolewa na wewe."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Waya ningekusamehe siku hiyohiyo," akasema. "Ulikuwa mjinga, na mimi nilijua naolewa na mjinga. Lakini umenifanya nimchukie mtu miaka ishirini na miwili. Nimemlaani kwa mdomo wangu, mtu aliyeniletea maua." Hapo ndipo alipolia, nami nikalia, na chai ikapoa.

Hajasema amenisamehe. Jana alinikata kucha za mguu kama afanyavyo kila mwezi, akanikata moja hadi nyama, sijui kama kwa bahati mbaya. Sikuuliza.

Amepata anwani ya mkaguzi kwa watu wa zamani wa kituo. Mkaguzi amestaafu mapema, anafuga kuku, mguu mmoja haumfanyii kazi. Opareta amesema leo niandike barua mbili. Ya kwako ataniachia niifunge mwenyewe. Ile nyingine, ya mkaguzi, ataisoma yeye kabla haijatiwa gundi, na kama nimeruka kitu nitaandika upya, hata kama ni mara kumi. Amekaa hapa kushoto kwangu, sikio lake zima likiwa upande wangu, na miwani yake ameshaivaa. Nimeshika kalamu tangu asubuhi. Yako ndiyo nimeanza nayo, mpwa wangu, na sasa naona imefika mwisho.

Mjomba wako